Maswali ya Wasomaji: Seva ya Tor, nyumbani au ya kukodi?

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni vijana sita wa Chake Chake. Tunautumia mtandao wa Tor, unaomficha mtumiaji asijulikane yuko wapi, na tunaona si haki kunufaika nao bila ya kuchangia. Kila mmoja yuko tayari kutoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Je, tuweke seva, yaani kompyuta ya kuupitishia mtandao huo, nyumbani kwa mwenzetu mmoja?

JIBU: Wa alaykum salaam. Nia yenu ni njema mno, kwani mtandao huu unabebwa na maelfu ya seva za watu wanaojitolea.

Mfano wake ni barua itokayo Konde kwenda Mkoani ikiwa ndani ya bahasha tatu, na kila mpokeaji, yaani kila seva, anafungua moja tu: wa kwanza anamjua aliyempa lakini hajui barua inaishia wapi, na wa mwisho anajua inakokwenda lakini hajui imetoka kwa nani. Huyo wa mwisho ndiye mwenye mzigo, kwa sababu anwani yake ndiyo inayoonekana kwenye tovuti, na mtu mwengine akifanya uovu, lawama humfikia yeye. Seva ya namna hiyo msiiweke nyumbani kabisa.

Seva ya kati haina tabu hiyo, ila inataka kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kila upande, usiku na mchana. Ikitumika yote, kwa mwezi ni zaidi ya terabaiti 3 (gigabaiti 3,000) kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Hakuna kifurushi cha simu kitakachohimili, na umeme wa Tukuza, wa kulipia kabla, ukimalizika usiku wa manane seva nayo imezimika.

Rai yangu ni mkodi seva ndogo ng'ambo, ambayo mchango wenu unaitosha, lakini msikimbilie bei kabla ya kuuliza kiasi cha data kinachoruhusiwa na kama kampuni inaikubali Tor. Epukeni kampuni ambayo tayari imejaa seva za Tor, maana zikikusanyika pahala pamoja mtandao unadhoofika. Nchini Ufaransa jumuiya ya Nos oignons hukusanya michango na kuendesha seva kwa njia hii hii.

Wekeni akiba ya miezi mitatu kabla ya kuanza. Seva mpya haiaminiwi mara moja, huongezewa kazi pole pole kwa wiki kadhaa, na inasikitisha kuiona ikifungwa kwa kukosa kodi ya mwezi mmoja. Tena, kwa kuwa mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitaka watumiaji wa VPN (njia nyengine ya kumficha mtumiaji mtandaoni) wajisajili, muulizeni mwanasheria kabla ya kulipa chochote.