Kinda Naye Hubwabwaja

Jogoo hufundishwa kuwika na nani?

Hakuna. Kifaranga aliyeanguliwa kwa mashine, hata akiwa kiziwi, muda ukifika atawika tu. Njiwa ni hivyohivyo. Kati ya ndege, wenye kujifunza sauti ni makundi matatu: kasuku, ndege-wavumaji wa bara la Amerika, na ndege waimbaji, kina chiriku na shomoro. Sokwe, pamoja na undugu wake wote nasi, hapa hafui dafu kwa chiriku.

Basi anayejifunza, hujifunza vipi?

Mchukue yule ndege mdogo wa Australia mwenye milia kifuani na mashavu ya rangi ya chungwa, aitwaye kwa Kiingereza zebra finch, kipenzi cha maabara. Waimbao ni madume tu. Kinda akifikisha siku 25 hivi huanza kumsikiliza baba yake na kuuweka wimbo kichwani. Baada ya siku chache hujaribu mwenyewe: sauti ya chini, inakatika, inarudi, haina mpangilio, kama mtoto mchanga na ba-ba-ba zake. Darwin aliuandika ufanano huo mwaka 1871. Kila jaribio kinda hulipima kwa sikio lake, husahihisha, na akikaribia siku 90 wimbo umeganda, habadilishi tena. Mwaka 2000 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba seli za ubongo wake akiwa amelala huchangamka kwa mpangilio uleule wa wakati wa kuimba. Sitashangaa kama ni mazoezi.

Asipopata mwalimu?

Ataimba, ila wimbo wenyewe shaghalabaghala. Lakini sikia hili. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, ndege wa wimbo huo mbovu alifanywa mwalimu wa makinda. Wakaunyoosha kidogo. Wanafunzi wao wakaunyoosha zaidi, na kufikia kizazi cha 3 au cha 4 ulikuwa umekaribia ule wa porini. Mimi hapo nawakumbuka watoto viziwi wa Nikaragua, waliokusanywa shuleni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 bila lugha ya pamoja: kila kundi jipya la wadogo liliikuta lugha ya ishara ya wakubwa, likaitia sarufi zaidi.

Kuna jeni ya lugha?

Jeni moja yenye kubeba lugha yote, hapana. Iko FOXP2, iliyotambuliwa mwaka 2001 katika familia moja ya Uingereza yenye matatizo ya kutamka. Makinda waliopunguziwa nguvu ya jeni hiyo katika sehemu ya ubongo inayohusika na kujifunza wimbo walinakili vibaya, silabi nyingine wakaziruka.

Kasuku anaelewa anachosema?

Wengi huiga tu, ndiyo maana tunasema “kukariri kama kasuku”. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg tangu 1977 hadi alipokufa 2007, alikuwa wa namna nyingine. Sarufi hakuwa nayo. Ila ukimwonyesha vitu viwili ukamuuliza vimetofautiana nini, alitazama, akajibu: “Rangi.”