Karatasi ya Sita

ULIZA KARANI

Tangu niguse uchaguzi wa Agosti 10, 2027 katika safu hii, barua hazijakoma, na ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeuliza habari za urais. Wengi wanauliza habari za mwakilishi wadi, yule anayetusemea katika bunge la kaunti, ambaye karatasi yake ya kahawia hafifu tunapewa pamoja na nyingine tano, na tunaitia alama tukiwa tumeshachoka. Leo nimejibu barua nne. Kwa mgeni wa safu hii: nilikaa miaka saba katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa bunge moja la kaunti huku Pwani, vipokea sauti masikioni, nikiandika neno kwa neno waliyosema waheshimiwa. Mwaka 2022, nikiwa nimeshaondoka huko, nilikuwa karani katika kituo cha kupigia kura. Kwa hiyo nimewaona wakiombwa kura, na nimewasikia baada ya kuzipata.

*Mheshimiwa wetu alituahidi maabara ya sekondari, kituo cha polisi na lami hadi barabara kuu. Muhula unaisha, hatujaona hata kokoto. Tumrudishe au tumpumzishe? — Fundi wa pikipiki, Kwale*

Fundi, mtu akikuletea pikipiki haiwaki, huanzi kwa kubadilisha tairi. Hebu kwanza tujue kilichoharibika.

Katika ahadi hizo tatu, mbili hazikuwa mikononi mwake kabisa. Shule za sekondari na polisi ni za serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi waziwazi: kaunti imepewa zahanati na hospitali zake, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, masoko, kilimo, barabara za kaunti, leseni za biashara, hata leseni za kuuza vileo. Maabara ya sekondari ungemdai mbunge, maana NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ulikuwa upande wake. Ile lami nayo itategemea barabara ni ya nani. Ikiwa ni ya kaunti, mshike shati. Ikiwa iko chini ya serikali kuu, basi mwakilishi wadi ni mlalamikaji tu kama wewe.

Kwa hiyo mimi simlaumu kwa kutojenga. Namlaumu kwa kuahidi. Ama hakujua kazi aliyokuwa akiiomba, ama aliijua akaona nyinyi hamuijui.

Sasa nikuambie pa kumpimia. Bunge la kaunti linatunga sheria za kaunti, linapitisha bajeti na linamchunga gavana na mawaziri wake. Hilo la bajeti ndilo linalofika hadi mlangoni pa karakana yako. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote 47 zilitengewa mgao wa shilingi bilioni 415, na hakuna gavana anayeweza kutumia fungu la kaunti yake kabla wawakilishi hawajalipitisha. Makadirio yanatakiwa yawe yamefika bungeni kufikia Aprili 30, na yapitishwe kabla ya Juni 30. Basi muulize mheshimiwa wako swali moja: Mei ulikuwa wapi?

Nilimsikia mmoja ambaye kwa muhula mzima sauti yake iliingia kwenye kumbukumbu kwa mambo mawili, hoja ya nidhamu na marupurupu. Na nilimsikia mama mmoja wa wadi kame, hakuwa msemaji, Kiingereza chake cha kubahatisha, lakini alikuwa akija na daftari la shule la kurasa 96, limekunjika pembe. Siku moja wakati wa makadirio alisimama akasema: "Mheshimiwa Spika, kisima hiki kiko kwenye bajeti ya mwaka huu. Kilikuwepo mwaka jana. Kilikuwepo mwaka juzi. Naomba kuuliza kinachimbwa mara ngapi." Mimi, kwa mazoea ya vidole, nikaandika (Kicheko). Nikasikiliza tena kanda. Hakuna aliyecheka. Nikafuta.

Hotuba hizo zote zinawekwa. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani, kwa hiyo una haki ya kuketi pale juu kwenye roshani ya wananchi, na una haki ya kuomba kumbukumbu za vikao kwenye ofisi ya karani wa bunge. Nenda na jina la wadi yako. Ukikuta mheshimiwa hakulitaja hata mara moja tangu aapishwe, jibu la barua yako umelipata.

*Mimi ni mwalimu wa kike, shule ya msingi, nina cheti cha ualimu cha P1 tu, sina digrii. Wazee wa kijiji wamenisukuma nigombee wadi, na mimi sitaki chama chochote kwa sababu kura za mchujo nimeziona. Naanzia wapi? — Mwalimu, Taita Taveta*

Mwalimu, anzia kwenye kalenda. Wewe ni mtumishi wa umma, na sheria inataka mtumishi wa umma anayewania kiti ajiuzulu miezi sita kabla ya siku ya kura. Kwa kura ya Agosti 10, 2027, hesabu inakuangusha mwanzoni mwa Februari mwaka huohuo. Sisemi likizo, nasema kujiuzulu. Mshahara unakoma Februari, kura ni Agosti, na ukishindwa hakuna kitu kinachokulazimishia nafasi yako irudi. Hili lijadili na watu wa nyumbani kwako kabla ya kulijadili na wazee wa kijiji, maana wazee hawatakulipia karo ya watoto.

Digrii isikutie hofu. Sharti la digrii kwa wawakilishi wadi lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2021, na 2022 watu waligombea bila hiyo.

Kuhusu chama: mgombea huru lazima awe si mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Utasema hujawahi kujiunga na chama. Usiseme kabla hujatazama. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama alipofungua orodha za wanachama kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kuvikanyaga hata mlango. Ingia, tazama, na ukijikuta humo jitoe mapema, ubaki na ushahidi wa kujitoa.

Kisha kuna watu 500. Ibara ya 193 inamtaka mgombea huru aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyohiyo. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu jirani anayekupenda amesajiliwa alikozaliwa, na kijana anayekubebea bango bado hajajiandikisha kupiga kura. Wewe kusanya 700. Waulize kila mmoja, tena kwa upole wa mwalimu, "Kura yako iko wapi?" kabla ya kumpa kalamu. Ada ya uteuzi mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti hiki, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo ndiyo pesa ndogo kuliko zote utakazotoa.

Na kuna jambo moja ambalo mgombea huru haambiwi. Nalieleza kwenye barua inayofuata, kwa hiyo usifunge gazeti.

*Mombasa ina wadi 30. Mbona bungeni kuna watu zaidi ya 30? Hao wengine nani aliwapigia kura? — Msomaji, Likoni*

Uliwapigia wewe, bila kujua.

Katiba, ibara ya 177, inasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti, na pia wawepo wawakilishi wa vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa. Sasa tazama sanduku la kura linavyotoa. Nchi nzima ina wadi 1,450. Mwaka 2017 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja walikuwa 96. Mwaka 2022 wakawa 115. Hata mmoja kwa kumi hawajafika. Bila viti maalumu, bunge lingekuwa kinyozi cha wanaume.

Vyama hupeleka orodha ya majina kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kabla ya uchaguzi, na baadaye viti hivyo hugawanywa kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda katika kaunti hiyo. Ndiyo maana nasema uliwapigia wewe: karatasi yako ya wadi inahesabiwa kwa mtu uliyemchagua, halafu kiti chake kinahesabiwa tena kwa chama kwenye mgao wa viti maalumu. Na ndilo lile nililokuwa nimemwekea mwalimu. Mgombea huru akishinda anaingia peke yake. Hana orodha, hana mgao, na kwenye kamati atakuta wenye vyama wameshagawana viti. Si sababu ya kuacha, lakini aingie akijua.

Wateule wa viti maalumu hudharauliwa sana, wanaitwa wa kupewa. Kati ya niliowasikia mimi, wawili walikuwa wanasoma miswada hadi vifungu vya mwisho, na kuna waliochaguliwa kwa maelfu ya kura ambao sikuwahi kuhitaji kuandika sentensi yao ya pili. Ninachokereka nacho ni orodha zenyewe. Ziombe uzisome kabla ya kura. Ukiona jina la ukoo linajirudia, muulize mgombea wa chama hicho akija kwako mlangoni.

*Mama yangu hajui kusoma na macho yamepungua. Mara iliyopita mpambe wa mgombea mmoja alijitolea kumsaidia mama yangu na vizee wenzake watano. Hiyo ni halali? — Binti yake, Kilifi*

Si halali, na karani wa kituo hicho alikuwa amelala. Mtu anayemsaidia mpiga kura anamsaidia mmoja tu, basi. Tena anayechagua msaidizi ni mpiga kura mwenyewe. Asipokuwa na mtu, afisa msimamizi wa kituo atamsaidia mbele ya mawakala wa wagombea, lakini siri inapungua, kwa hiyo bora aende na mtu anayemwamini. Wewe binti yake unatosha, mradi umetimiza miaka 18.

Mwaka 2022 bibi mmoja aliingia kituoni kwetu na bakora, mjukuu nyuma yake. Nikauliza nani atamsaidia, mjukuu akajitokeza. Bibi akageuka akamtazama kuanzia viatu. "Huyu? Huyu analala kwenye gari la mgombea." Akanyoosha bakora kwenye foleni, akamwita mwanamke wa makamo, jirani yake. Yule mwanamke akaapa, akajaza fomu, wakaenda nyuma ya kibanda cha kura.

Karatasi tano hazikuchukua muda. Ya sita, ile ya kahawia, ikakaa. Tulisikia mnong'ono ukipanda na kushuka, majina yakisomwa kutoka juu hadi chini, kisha kimya, kisha sauti ya bibi, isiyojua kunong'ona: "Rudia." Yakasomwa tena. Foleni ikaanza kuguna, wakala mmoja akatazama saa yake, mjukuu mlangoni akawa anahamisha uzito mguu hadi mguu. Bibi alitoka akaitumbukiza mwenyewe, akipapasa tundu la sanduku kwa kidole kwanza, kisha akaniletea kidole hicho nikitie wino.