Sungura anayepiga chafya kila siku: angalia kwanza ni tundu lipi la pua

Njugu ni sungura jike, manyoya yake yana rangi ya njugu zilizokaangwa, na hafugwi kwa ajili ya nyama. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa kwetu Walukuba, Jinja, mgeni akimwona huuliza kwanza ana kilo ngapi. Ni wa binti yangu Shamim. Amelala chini ya meza yetu miaka mitatu sasa, na akiugua nyumba nzima inakosa usingizi.

Mwezi wa Januari alianza kupiga chafya. Si chafya moja kisha kimya, bali nne au tano mfululizo asubuhi, na tena jioni, mpaka kichwa kinagonga ubao wa kizimba. Hata hivyo alikula, aliruka, macho yalikuwa maangavu. Sababu tulikuja kuipata katikati ya Aprili. Njia ingekuwa fupi zaidi kama ningejua pa kutazama, na ndiyo maana naandika.

Kwanza, jambo la dawa, maana hilo halingoji. Usimpe sungura wako dawa ya maji ya watoto. Kabla ya Njugu tulikuwa na dume, naye alishikwa na chafya. Nilikwenda duka la dawa, nikaeleza, nikapewa amoksilini ya maji, nikamnywesha kwa bomba la sindano asubuhi na jioni. Siku ya tatu aliacha kula. Akaharisha maji, na siku ya tano Shamim alimkuta amekauka. Aliyeniuzia alikuwa anazijua dawa za binadamu, mimi sikujua hata hizo. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba sungura ana sehemu kubwa ya utumbo ambamo bakteria wema huchachusha majani, na bila hao hawezi kuishi. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipita mdomoni, pamoja na linkomisini, klindamisini na erithromisini, huwaua hao wema na kuwaachia nafasi wale wanaotoa sumu. Zipo antibiotiki ambazo sungura huzimudu vizuri, lakini achague daktari wa mifugo, na umtajie wazi kwamba mgonjwa ni sungura.

Kwa hiyo Njugu alipoanza, niliapa kwamba hatonja kitu kabla sijajua anaumwa nini. Nilichukua daftari la shule la Shamim, tukaandika kila chafya tuliyoisikia: saa ngapi, alikuwa wapi, nini kilikuwa kinaendelea ndani ya nyumba. Baada ya wiki moja daftari lilianza kusema. Chafya nyingi zilikuja mara tu baada ya kubadilisha matandiko, na nyingine baada ya saa moja usiku.

Matandiko yalikuwa maganda ya mpunga kutoka kinu cha mchele. Yanapatikana kwa bei ndogo na wafugaji wa kuku huyapenda, lakini ukiyamwaga juani utaona vumbi lake linavyopanda kama moshi. Unga wa mbao wa seremala nao ni hivyo hivyo. Tuliyaondoa yote, tukatandika magazeti ya zamani na juu yake nyasi kavu ndefu, zilizokung'utwa nje kwanza. Hiyo saa moja usiku ilinichukua siku kadhaa kuielewa. Ndiyo saa tunayowasha dawa ya mbu, ile ya kuchoma iliyozungushwa kama konokono, na sigiri ya makaa iko mlangoni. Sisi tuko karibu na ziwa, mbu hawana huruma. Moshi wa dawa ya mbu ulikuwa unamfikia Njugu pale pale alipolala. Tukahamishia sigiri uani, tukanunua chandarua cha pili, dawa ya mbu tukaiacha.

Kingine ni mkojo. Inama mpaka pua yako ifike pale anapolala sungura wako, uvute pumzi. Ukihisi kitu kinachoma macho, hiyo ni amonia ya mkojo, na yeye anaivuta usiku kucha. Wengi hutazama banda kutoka juu, wakiwa wamesimama, na kusema ni safi. Mimi mwenyewe nilikuwa nasafisha mara mbili kwa wiki. Sasa kona ya mkojo hubadilishwa kila siku.

Nilijifunza kubadilisha kitu kimoja kisha kungoja siku tano kabla ya kugusa kingine. Ni vigumu, moyo unataka kufanya yote leo. Lakini ukibadilisha matandiko, chakula na mahali pa kulala kwa siku moja, hutajua ni kipi kilikuwa na kosa, na kesho utakirudisha bila kujua.

Chafya zilipungua kutoka ishirini hivi kwa siku hadi saba au nane. Hapo ndipo zilipogota. Vumbi na moshi vilikuwa kweli vinamsumbua, ila havikuwa mwanzo wa jambo.

Shamim ndiye aliyeona. Alikuwa amempakata, akaniita: "Mama, mbona huyu analia pua moja?" Nikatazama. Tundu la kulia lilikuwa kavu, safi. La kushoto lilikuwa na unyevu, na manyoya chini yake yameshikana. Tangu Januari nilikuwa nikihesabu chafya na sikuwahi kuyatazama matundu mawili moja moja.

Nakuomba uanze hapo nilipomalizia mimi. Moshi, vumbi na amonia haviingii tundu moja. Huwasha pua yote. Mafua ya bakteria yanaweza kuanzia upande mmoja, lakini mara nyingi huishia pande zote mbili. Maji yakitoka upande mmoja tu, wiki baada ya wiki, fikiria kitu kilichokaa upande huo: mzizi wa jino, jipu, uvimbe, au kitu kilichoingia kutoka nje. Kuna kipimo cha nyumbani alichonionyesha daktari baadaye. Chambua uzi mwembamba sana wa pamba, ushike mbele ya tundu moja bila kugusa, kisha mbele ya lingine. Kwa Njugu, kulia pamba ilicheza. Kushoto ilitulia kabisa. Sungura hupumua kwa pua, si kwa mdomo kama sisi tukiwa na mafua, kwa hiyo tundu moja kuziba ni mzigo mzito kwake hata kama bado anaruka.

Tazama pia miguu ya mbele, upande wa ndani. Sungura hujifuta makamasi kwa mikono kama mtoto, na manyoya yaliyokakamaa hapo yatakuambia anatoa kamasi hata kama usoni ameshajisafisha. Rangi nayo ina maana: maji mepesi yasiyo na rangi ni ya muwasho zaidi, ute mzito mweupe au wa manjano ni wa maambukizi.

Daktari wa kwanza tuliyemwona aliona ute, akasema ni mafua ya sungura, akamchoma sindano siku tano. Njugu alipata nafuu nzuri. Siku nane baada ya sindano ya mwisho, chafya zikarudi kama zilivyokuwa. Simlaumu, kwa kuwa mafua hayo ni ya kawaida kweli. Bakteria anayesababisha sana anaitwa Pasteurella multocida, na sungura wengi wazima humbeba puani bila kuugua. Sungura akichoka, akisafirishwa, akibanwa na wenzake au akivuta amonia, ndipo ugonjwa hulipuka. Kwa sababu hiyo hata maabara ikimkuta bakteria huyo, bado hujajua nini kilimfungulia mlango. Ila kama una sungura wengi, mtenge anayepiga chafya siku hiyo hiyo, maana hueneza kwa wenzake.

Nafuu inayokatika mara dawa inapokwisha ni dalili ya kuandikwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Ina maana dawa ilituliza maambukizi, lakini kinachoyalisha bado kipo ndani.

Tulimpeleka Kampala, kwenye kliniki ya wanyama wadogo. Tuliondoka na taksi ya kwanza alfajiri, kwa kuwa joto huua sungura upesi, hana jasho la kumpoza. Nilimweka kwenye boksi lenye matundu, na pembeni yake chupa ya maji baridi iliyofungwa kwa kitambaa. Ni kilomita 80 hivi, kupitia Mabira na Mukono, na Shamim hakuondoa mkono kwenye boksi. Tulibeba pia fungu la majani aliyoyazoea. Nilidhani mgonjwa wa kulazwa kwa dawa ya usingizi asile chochote, lakini daktari alisema sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu hulala na kuwa ugonjwa wa pili.

Alianza na meno. Sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote. Mizizi ya yale ya juu iko karibu sana na njia ya pua na ya machozi. Mzizi ukirefuka kwenda juu, unaweza kubana pua na kulifanya jicho la upande huo litiririke. Sungura wanaoshiba pumba za mahindi na chakula cha kununua badala ya nyasi ndio hupatwa zaidi, kwani nyasi ndizo husaga meno. Picha ya eksirei haikuonyesha kasoro. Basi akamlaza, akaingiza chombo chembamba chenye taa katika tundu la kushoto, akatumia koleo dogo mno, akatoa kitu cheusi chembamba kilichofunikwa ute.

Kilikuwa mbegu ya kishonanguo.

Waganda huuita mmea huo ssere, na kila mfugaji wa sungura Uganda anaukata kando ya njia, nami pia. Majani yake machanga ni chakula kizuri, Njugu huyapenda kuliko matembele. Lakini mbegu zikikauka huwa kama sindano, na kichwani zina miiba midogo yenye vinyoya vinavyotazama nyuma. Ndivyo inavyoshona nguo: inaingia, hairudi. Januari ni kiangazi, nilikuwa nakata mashina yaliyozeeka pamoja na vichwa vyake, namrushia fungu zima, naye anachomeka pua katikati kutafuta majani laini. Kila chafya iliyofuata ilikuwa jitihada ya kuitoa, na vinyoya vile vikiizuia.

Aliamka baada ya muda mfupi, na kabla ya saa sita kwisha alikuwa anatafuna. Kidonda kilichobaki puani kilitibiwa kwa antibiotiki iitwayo enrofloksasini wiki mbili, kwa kipimo cha uzito wake. Wiki ya kwanza bado alipiga chafya, nikaogopa. Wiki ya tatu daftari lilikuwa na siku nne nzima zisizo na mstari.

Sikwambii sungura wako ana mbegu puani. Pengine ni matandiko, pengine jino. Ninachokuambia ni kwamba angalia upande gani, angalia rangi, na andika. Ukimfikisha kwa daktari na maelezo hayo hatalazimika kubahatisha. Na kuna hali ambazo daftari liwekwe kando mkimbie: akipumua mdomo wazi akiinua kichwa juu, midomo ikiwa na rangi ya bluu, pumzi zikizidi 60 kwa dakika hali ametulia kivulini, au akikataa chakula kwa nusu siku.

Kishonanguo bado tunampa. Shamim hukaa kibarazani kabla ya shule, anakata vichwa vyote na kuvitia kwenye kopo lenye kifuniko, kisha anakung'uta fungu ukutani mara mbili tatu ndipo aliingize ndani.