Kuhama benki: akaunti ya zamani ifungwe mwisho

SWALI: Mhariri, nimefungua akaunti kwenye benki nyingine. Kufungua kulikuwa rahisi, lakini nikikumbuka bima, intaneti, kodi ya nyumba na mengine yanayokatwa yenyewe, nguvu zinaniishia. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye taarifa ya akaunti ya zamani, na fomu ya kuifunga usiiguse kwanza. Omba taarifa ya miezi 13. Miezi mitatu haitoshi kwa sababu bima ya gari na michango mingine hulipwa mara moja kwa mwaka. Na tarehe ya malipo ya mwaka husogea siku mbili tatu, hivyo hata miezi 12 kamili inaweza kuyakosa.

Ipitie mstari kwa mstari, kisha yagawe malipo mafungu matatu, maana kila fungu lina njia yake ya kuhama.

La kwanza ni maagizo ya kudumu, yaani wewe ndiye uliyeiambia benki itume kiasi fulani kila tarehe fulani. Hayo unayaweka upya mwenyewe kwenye benki mpya na kuyafuta kule kwa zamani siku hiyohiyo. Ukisahau kuyafuta, kodi ya nyumba italipwa mara mbili, na kuidai irudi ni kazi nyingine.

La pili ni makato yanayovutwa na kampuni kwa idhini uliyoitia saini. Kampuni ndiyo ya kupewa namba mpya, na mara nyingi itataka idhini mpya pia. Wape taarifa mara tu baada ya kato la mwezi kupita. Ukiwaandikia siku mbili kabla, huenda maombi yao yameshatumwa kwa benki ya zamani, nawe utakuwa umeshaondoa fedha.

La tatu ndilo linalowaponza wengi: malipo yaliyofungwa kwenye namba ya kadi, kama vile huduma za filamu, hifadhi ya picha mtandaoni au programu za simu. Hata benki ikikuchapia orodha ya makato yako yote, haya hayamo. Kwenye taarifa yanaonekana kama manunuzi ya kawaida. Hakuna njia ya mkato: ingia kwenye kila huduma, uandike kadi mpya.

Kuhusu mshahara, uliza ofisi ya mishahara hufunga orodha tarehe ngapi. Kwa kawaida ni siku kadhaa kabla ya siku ya malipo. Usihamishe makato makubwa mpaka mshahara wa kwanza uingie kwenye akaunti mpya. Wakati huo huo, acha kwenye akaunti ya zamani fedha za kutosha makato ya mwezi mzima pamoja na ada za benki, na uiache wazi miezi miwili au mitatu. Ada ya miezi hiyo inauma kidogo, lakini kato likigonga akaunti tupu faini yake mara nyingi huuma zaidi, na bima inaweza kusimama.

SWALI: Nasikia kuna nchi ambako benki mpya hukuhamishia kila kitu. Ni kweli?

JIBU: Karibu kila kitu. Uingereza ina huduma hiyo tangu Septemba 2013: ndani ya siku 7 za kazi benki mpya huhamisha salio, maagizo ya kudumu na makato, akaunti ya zamani hufungwa, na fedha zinazotumwa kwenye namba ya zamani hugeuzwa kuelekea mpya. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya mwaka 2014, uliziagiza benki za nchi moja zisaidiane mteja anapohama. Hata huko, lile fungu la tatu, la kadi, linabaki mikononi mwako.

SWALI: Nilitoa fedha zote, nikabakiza sifuri. Miezi miwili baadaye benki ya zamani inanidai. Inawezekanaje?

JIBU: Kutoa fedha zote si kufunga akaunti. Ada ya mwezi huweza kutozwa mwishoni mwa mwezi. Riba ya ovadrafti, yaani fedha ulizotumia kupita salio lako, huhesabiwa kila siku lakini hukatwa baadaye kwa mkupuo. Ununuzi wa kadi unaweza kutua siku kadhaa baada ya kulipa dukani. Na kama uliandika hundi, mwenye nayo anaweza kuipeleka benki akiwa tayari.

Omba taarifa kuanzia siku uliyotoa fedha, uone deni limetoka wapi. Kama ni ada tupu, andika barua ukiomba ifutwe. Benki nyingi hukubali zikijua mteja anaondoka. Kisha uliza salio la kufungia kwa tarehe maalumu, lipa kiasi hichohicho, na usitoke bila barua inayosema akaunti imefungwa. Akaunti ya watu wawili huenda ikahitaji saini za wote.

SWALI: Namba mpya ni ndefu. Nitajuaje kwamba sijakosea?

JIBU: Nakili na ubandike, usiichape. Halafu jitumie kiasi kidogo kabla ya kumpa mwajiri. Mahali ambapo benki hailinganishi jina na namba, fedha hufuata namba, na kuzirejesha kutoka kwa mgeni huchukua wiki nyingi.

SWALI: Kuna kitu cha kuhifadhi kabla ya kufunga?

JIBU: Taarifa zote unazoweza kupakua, kwa sababu akaunti ikifungwa nywila yako ya mtandaoni hufa nayo, na nakala za baadaye mara nyingi hulipiwa. Mamlaka ya kodi au mkopeshaji anaweza kuziomba miaka kadhaa baadaye. Kadi ya zamani ikate katikati ya chipu, lakini subiri kwanza fedha za bidhaa ulizorudisha dukani ziingie: hizo hurudi kwenye kadi uliyolipia.