Jibu: Waya ya plagi inaungua kila mara

Salaam ndugu. Umesema waya ya plagi (ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye injini ya gari) ya silinda ya 3 imeungua mara mbili, na injini inamisi, yaani inakosa kuwasha silinda, ikishapata joto. Usinunue seti nyingine ya waya kwanza. Fungua boneti gizani, injini ikiunguruma, uangalie bila kugusa: ukiona cheche za buluu zinarukia chuma, umepata umeme unapovuja.

Kisha tazama klipu za kushikilia waya. Kwangu ilivunjika moja tu, waya ikalegea ikalalia manifoldi ya eksozi, yaani bomba la chuma linalotoa moshi wa moto kwenye injini. Mpira wake ulikuwa umekauka, unapasuka ukiukunja. Mpira wa silikoni wa waya hizi huhimili joto la nyuzi 200 za Selsiasi hivi. Manifoldi huzidi hapo kwa mbali. Niliirudisha waya juu, mbali na eksozi kwa upana wa vidole viwili au zaidi, nikavisha soksi ya nyuzi za kioo kwenye kofia ya plagi, ule mpira wa mwisho wa waya unaoifunika plagi. Tangu hapo imetulia.

Tafadhali, usifunge waya zote fungu moja. Za silinda jirani zinazowaka kwa kufuatana zikienda sambamba, umeme huhamia nyingine na injini inamisi vilevile. Zikilazimika kukutana, zikatishe msalaba.

Na ukichomoa, shika kofia, izungushe kidogo, usivute waya.