Unga wa spirulina kwa kondoo wanaohema

SWALI: Nafuga kondoo 40 wa aina ya Dorper huko Kajiado. Jua linapokuwa kali, Januari na Februari, hujazana chini ya mgunga mmoja wakihema midomo wazi, wala hawagusi malisho hadi jioni. Muuzaji wa dawa za mifugo amenishauri niwachanganyie unga wa kijani wa mwani uitwao spirulina, akisema unaondoa athari za joto. Je, ni kweli? Na je, naweza kuuchota mwani huo ziwani ili nipunguze gharama?
Mfugaji, Kajiado

JIBU: Muuzaji wako hakukudanganya kabisa, ila ameanzia mwisho. Kondoo aliyezidiwa na joto hupunguza kula kwa sababu kumeng'enya nyasi ngumu huzalisha joto jingine tumboni, na wakati huohuo mwilini mwake huongezeka kemikali kali zinazoharibu chembe hai. Spirulina ina rangi za asili zinazokabiliana na kemikali hizo, na protini yake hufikia asilimia 60 hadi 70 ya uzito mkavu. Katika baadhi ya majaribio wanakondoo waliolishwa unga huo waliongezeka uzito zaidi. Katika mengine tofauti haikuonekana. Hata hivyo unga haumpozi mnyama.

Tupige hesabu. Ukimpa kila kondoo gramu 10 kwa siku, atapata protini gramu 6 au 7 tu, nawe utamaliza kilo 12 kwa mwezi. Gramu 100 za mashudu ya alizeti yenye protini ya asilimia 25 humpa gramu 25, kwa bei unayoijua. Kwa hiyo usiinunue spirulina kama chakula cha protini.

Kuhusu ziwa, usithubutu. Ni kweli kwamba mwani huu (wataalamu huuhesabu kuwa bakteria, lakini jina la mwani limeshazoeleka) ndio chakula cha flamingo wa Bogoria na Natron, na huko Chad wanawake wa Kikanembu huuchota na kuuanika kuwa vipande vikavu viitwavyo dihe. Lakini katika maziwa ya namna hiyo huweza kuota pia jamaa zake wenye sumu ya ini na ya neva, na sumu hizo zimekutwa katika miili ya flamingo waliokufa Bogoria na Nakuru. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Soma pia maandishi ya mfuko. Mchanganyiko uliotiwa madini kwa ajili ya kuku au nguruwe huweza kuwa na shaba nyingi, nayo hujikusanya katika ini la kondoo kimyakimya, mpaka siku moja mkojo unageuka mwekundu na mnyama anakufa.

Anza kwa kuezeka kibanda kirefu kisicho na kuta, weka maji kivulini, na uwalishe alfajiri na jioni. Saa nane mchana hesabu mara ambazo ubavu unapanda kwa dakika moja. Ukipita 80, joto limewaelemea. Hayo yakishatulia na bado ukataka kuujaribu unga, chagua kondoo kumi wa rika moja, watano uwape ndani ya pumba iliyonyunyiziwa molasi ili harufu isiwakimbize, watano wasipewe, kisha wapime wote kila wiki mbili asubuhi kabla hawajanywa maji.