Gata zinajaa barafu kila majira ya baridi, nifanyeje?

SWALI: Fundi, kila theluji ikianguka gata za nyumba yangu hujaa barafu, na vipande virefu huning'inia ukingoni mwa paa. Msimu uliopita gata moja ilipinda na maji yakavuja darini, ingawa nilikuwa nimeondoa majani yote mapema. Jirani ananishauri nimwage maji ya moto. Ni sawa?

JIBU: Hapana, tafadhali usimwage. Yatapoa na kuganda juu ya barafu iliyopo, na mengine yatagandia chini, pale unapopita. Nyundo nayo itapasua gata na vigae.

Majani ulifanya vyema kuyaondoa, ila kwa ulivyoeleza, naona tatizo linaanzia darini. Joto la ndani likipenya dari hupasha paa, na theluji huanza kuyeyuka kwa chini. Maji hayo huteremka hadi kwenye ukingo uliotokeza nje ya ukuta, ambako hakuna joto, yakaganda. Barafu inazidi kupanda, maji yanayofuata yanakosa njia, yanarudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani. Gata inabaki kubeba mzigo: yenye urefu wa mita 10, upana wa sentimita 12 na kina cha sentimita 8, ikijaa barafu hubeba karibu kilo 88.

Theluji ikishaanguka, litazame paa ukiwa chini. Panapoyeyuka kabla ya pengine ndipo joto linapovujia. Ziba matundu ya nyaya na mabomba darini, na kingo za mlango wa kupandia huko. Kisha ongeza tabaka la kuzuia joto juu ya dari, lakini uache wazi njia za hewa za ukingoni, maana paa linatakiwa kubaki baridi. Kazi hii ifanye kabla hujanunua gata mpya, la sivyo nazo zitapinda.

Kwa msimu huu, vuta theluji ya mita moja ya mwisho wa paa kwa reki yenye mpini mrefu, ukiwa umesimama ardhini, mbali na nyaya za umeme. Kama barafu imeshaziba, jaza kloridi ya kalsiamu (aina ya chumvi ya kuyeyushia barafu) kwenye soksi ndefu uilaze kukatisha barafu, ncha yake ining'inie nje ya gata. Itayeyusha mfereji wa kupitishia maji. Chumvi ya mezani usitumie, inaozesha gata za chuma.

Vishikio vya gata vikiachana kwa zaidi ya sentimita 60, ongeza vingine katikati.